Kauri za Chini na Komwe za Juu

Hadithi inabisha hodi!

Nanyi mseme: Ipite ndani, ikae mkekani!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na meko yao, palikuwa na mlima mmoja wenye vijiji viwili: kijiji cha Chini na kijiji cha Juu. Katikati yao ulisimama mgunga, na kwenye mgunga aliishi Mama Mnana, ndege mdogo, na kinda wake, ambaye alikuwa hajaota mbawa.

Moshi uliwahi kuzidi mlimani hata wazee wakapofuka. Basi kila kijiji kikajiwekea sheria.

Chini walitumia kauri, yale makombe madogo ya baharini. Kila mwaka kila nyumba iligawiwa kauri chache. Ukiwasha moto, unatoa kauri. Zikikuishia, unakula vibichi, au unampelekea mkungu wa ndizi jirani aliyebakiwa nazo, naye anakupa kauri. Kauri zilitoka bahari ya mbali. Nani angeokota nyingine?

Juu walitumia komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Mkomwe wenyewe uliota nyuma ya nyumba ya Bi Pimbi, mgawaji wao, lakini kuuchuma, isipokuwa yeye siku ya mgao, ilikuwa mwiko. Hata mtoto mdogo wa Juu alijua. Kwa hiyo komwe zao nazo zilikuwa chache, na moshi wao mdogo.

Mwaka mmoja mvua ilikuja ikasahau kurudi kwao. Kule Chini Mama Ndezi alijifungua, na kauri zake zimekwisha. Watoto wanatetemeka. Bi Pimbi akasikia, akateremka na kikapu.

"Shoga, sisi tumebakiwa na komwe. Chukua."

"Lakini huku tunatoa kauri, dada."

"Moto ni moto. Komwe moja kwa kauri moja. Watoto wana baridi, tusiulizane mengi."

Mama Ndezi akalia kwa furaha. Vijiji vyote viwili vikakubali, na tangu siku ile kauri ikawasha moto Juu, na komwe ikawasha moto Chini.

Sasa kule Chini alikuwako Ngedere. Alipanda Juu kutembea, akauona mkomwe. Umejaa! Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachuma.

Siku ya kwanza akachuma konzi. Siku ya pili akachuma kikapu. Siku ya tatu akachuma gunia. Akachoma mahindi, akachoma ndizi, na komwe nyingine akabadilishana na majirani kwa muhogo. Meko yakawaka kila upande.

Moshi ukapanda mgungani. Kinda akaanza kukohoa: ko! ko! ko! Mama Mnana akamfunika kwa bawa, akaimba:

"Moshi, moshi, pita mbali,
mwanangu bado hajaruka."

Akaenda Chini. "Jamani, mmevunja sheria?"

"Hata kidogo! Kila moto umetolewa komwe."

Akaenda Juu. Jibu lile lile. Aliporudi, kinda alikuwa amekataa kula. Mama Mnana akaruka tena mpaka kwa Bi Pimbi.

"Dada, komwe za Chini zinatoka wapi?"

"Kwetu."

"Na kwenu zinatoka wapi?"

Bi Pimbi akazunguka nyuma ya nyumba. Mkomwe umebaki miiba mitupu!

Wakateremka pamoja. Wakamkuta Ngedere ana mikwaruzo hadi viwikoni.

"Mikono hiyo imefanya nini?" akauliza Bi Pimbi.

"Paka kanikwaruza."

"Paka gani, we muongo? Mlima huu hauna paka!" akasema Mama Ndezi, na wote wakacheka.

Ngedere akakasirika. "Haya, nimechuma! Kwetu anayeona tunda analichuma. Nani aliniambia ni mwiko?"

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Hakuna, mwanangu. Nilileta komwe, sikuleta na mwiko wake."

Hapo kikohozi kikasikika kutoka mgungani: ko! ko! Kidogo, chembamba. Ngedere akatazama juu. Akachukua mtungi wa maji, akazima jiko lake mwenyewe.

Basi wote wakazima. Watoto wa Ndezi wakapelekwa kulala kwa Bi Pimbi, moto mmoja ukapasha nyumba mbili. Wakakubaliana: komwe aliyoigawa Bi Pimbi itobolewe na Kigogota, ndege mtoboa miti, na isiyo na tundu haiwashi moto, Juu wala Chini. Kigogota akalalamika mdomo unauma, lakini akatoboa.

Ngedere akahukumiwa kula vibichi mpaka mgao wa mwaka mwingine. Mama Ndezi alimpelekea uji wa moto kwa siri, na kila mtu akajifanya hajaona.

Moshi ukapungua. Kinda akala. Akaota mbawa. Asubuhi moja akasimama ukingoni mwa kiota, na chini ya mti alikuwako Ngedere amekinga mikono, kinda asije akaanguka.

Hakuanguka.

Wanangu, moshi haujui mpaka, kwa hiyo ni vema majirani wakaunganisha meko yao. Lakini kwanza waulizane: kwenu nini kinawazuia, na kwetu nini kinatuzuia? Ukipokea kitu cha mwenzio, pokea na mwiko wake.

Hadithi yangu imeaga. Utamu wake nimewagawia, uchungu wake nabaki nao mimi.