Kila Alicho Nacho Muuza Tembo

Hapo zamani, katika mji wa Kwamtonga, Zawena binti Mtoro alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi ya pili ya wali wa jioni, mara askari wa Sultani akaingia uani bila kupiga hodi.

"Mama Mize, unaitwa," akasema.

"Na nani?"

"Na Maulana. Amesikia maneno yako ya kisimani."

Zawena akaitazama ile nazi, ambayo nusu yake ilikuwa bado. Asubuhi ile, akiwa na mtungi kichwani, alisema mbele ya wanawake wenzake kwamba kama angekuwa yeye Sultani, mambo ya nyumba za mvinyo angeyamaliza kabla wali haujaiva. Ni maneno ambayo mtu huyasema ili asahau uzito wa mtungi. Basi akapangusa mikono, akamwambia binti yake mkubwa, "Mize, malizia hii, kisha ukamue tui uliweke kando. Mchele usiutie mpaka maji yachemke. Na kawa la baba yako liko ukutani."

Kawa hilo lilikuwa la kufunikia sahani ya mumewe, Mshamu, fundi wa kujenga kuta. Tangu nyumba za mvinyo zifunguliwe, sahani ile ilifunikwa jioni ishirini na tatu mfululizo, na asubuhi wali wake ukaliwa na kuku. Zawena alikuwa na watoto wanne na banda la kuuzia tembo la mnazi, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Watu wakimwita Punguani, kwa kuwa aliuliza maswali ambayo wenzake waliona haya kuyauliza.

Nazo nyumba za mvinyo zilikuja hivi. Sultani alitaka watu wa ng'ambo wanunue karafuu zake. Wakakubali, wakaleta mkataba wa kurasa mia, nao ukamtaka aufungue mji wake kwa huduma zao. Sultani akauliza huduma ni kitu gani. Wakamjibu kuwa ni vinyozi, wapagazi na wasafisha mitaro. Akaona hakuna ubaya, akatia muhuri. Kumbe ukurasa wa sitini na moja ulitaja huduma ya kuuza, kumimina na kunadi vinywaji. Mwezi haukuisha, mji ukawa na nyumba arobaini za mvinyo, na ngoma za kuzinadi zikapigwa tangu watu wanapoamka.

Sultani akaamuru nyumba zipunguzwe. Wakili wa wauza mvinyo, jina lake Baltazari, akafunua mkataba akaonyesha kwamba idadi haina kikomo. Sultani akaamuru zifungwe jua likizama. Wakili akafunua tena: amri isiwe na uzito zaidi ya unaohitajika, na kiasi kinachohitajika wataamua waamuzi watatu, wanaokaa ng'ambo, mtaa mmoja na wauza mvinyo. Sultani akakataza ngoma. Wakili akauliza mbona Zawena hugonga mtungi kwa kata tembo lake likiwa tayari, na hakuna anayemkataza. Kila mara alimalizia kwa kuuliza habari za karafuu, na kila mara Sultani aliifuta amri yake.

Basi Zawena akafika barazani, akamkuta Sultani na Waziri wake, na Wakili Baltazari amekaa juu ya kiti alichokuja nacho kutoka kwao.

"Wewe ndiye uliyesema utayamaliza kabla wali haujaiva?" akauliza Sultani.

"Ndimi, Maulana. Nilikuwa na mtungi kichwani."

"Basi yamalize. Usifunge mlango hata mmoja. Usihesabu nyumba. Usitunge amri mpya, wala usimnyime mgeni kitu alicho nacho mwenyeji. Wali ukiiva na mambo yako vile vile, wewe na watoto wako mtauhama mji huu kabla hamjaula. Nimechoka kuchekwa kisimani."

Waziri akatazama chini. Zawena akapiga hesabu ya maji ya Mize, kwamba kama kuni ni kavu yamekwisha chemka.

"Maulana, naomba kumuuliza wakili jambo."

"Uliza, lakini usimkasirishe."

"Bwana Wakili, mnalalamikia nini hasa?"

"Tunalalamikia upendeleo," akasema Baltazari, ambaye alikijua Kiswahili vizuri, hasa cha mashtaka. "Mkataba unasema mgeni atendewe sawa na mwenyeji, kwa sheria na kwa desturi, asipunguziwe hata kidogo."

"Kwa hiyo kila nilicho nacho mimi katika kuuza tembo, nanyi mnakitaka?"

"Kila ulicho nacho."

"Hata vile vidogo vidogo?"

"Bibi, una mtungi na kata. Kitu gani chako kitatushinda sisi?"

"Sijui, bwana, ndiyo maana nauliza. Watu husema mimi punguani."

Wakili hakupenda maneno yaachwe hewani. Akaagiza karatasi na wino, akaandika kwa mkono wake: kila alicho nacho muuza tembo wa Kwamtonga, kwa sheria na kwa desturi, tangu leo wauza mvinyo nao wanacho, na yeyote atakayewapunguzia chochote atakuwa amevunja mkataba. Akatia muhuri wake. Sultani akatia wake, uso umemkunjamana kama anayemeza shubiri.

"Sasa nivitaje vyangu," akasema Zawena, "wasije wakapungukiwa. Nina mtungi, kata na banda, hivyo wanavyo. Nina mlango wa mteja, huo hawajapewa. Muuza tembo wa mji huu, tangu bibi wa bibi yangu, akimmiminia mtu humrudisha mwenyewe mpaka kwake kabla ya chakula cha jioni. Asiyeweza kutembea hubebwa. Afikapo mlangoni muuzaji husema, 'Nilimpokea mzima, namrudisha mzima,' ndipo mama wa nyumba anapohesabu watu wake na kupakua. Na kama kesho yake mtu huyo hainuki kwa ulevi, kazi yake hufanywa na aliyemmiminia. Mimi nimekoroga chokaa siku tatu badala ya Bwana Simba, nikiwa na mimba ya miezi saba."

Sultani akamgeukia Waziri. "Hayo ni kweli?"

"Ni kweli, Maulana. Baba yangu alirudishwa nyumbani mara nyingi juu ya mgongo wa bibi yake huyu. Ila hayakuandikwa popote, nasi tulikuwa tukitafuta katika vitabu."

Sultani mwenyewe hakuyajua, kwa sababu kinywaji chake kililetwa palepale alipokaa.

Baltazari akasimama. "Huo si upendeleo. Huo ni mzigo."

"Wewe ndiye uliyeuita upendeleo, bwana. Mimi nimeubeba tu."

"Nyumba zetu zina wanywaji mia nne kwa siku."

"Mimi nawamiminia sita. Hakuna aliyeniamuru; nina miguu miwili, na wengine wao ni wanene. Ninyi idadi yenu haina kikomo. Leteni miguu kadiri mpendavyo."

"Uzito huu unazidi unaohitajika."

"Labda. Basi mwombe Maulana akupunguzie."

Wakili akamgeukia Sultani, akafumbua kinywa, kisha macho yake yakaangukia karatasi aliyoiandika mwenyewe, wino haujakauka.

"Ningependa sana kukupunguzia, wakili," akasema Sultani taratibu, kama anayeonja kitu kitamu. "Lakini nitakuwa nimevunja mkataba. Nami nina karafuu zangu."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alipopata pumzi akasema, "Zawena, omba utakacho."

"Naomba ruhusa, Maulana. Nimeacha wali mikononi mwa mtoto."

Ikawa jioni ile mji wa Kwamtonga uliona mambo. Wamiminaji wa mvinyo, wenye kanzu zilizopigwa pasi, walipita vichochoroni wamebeba wavuvi, maseremala na karani mmoja wa forodha. Wakabisha nyumba zisizo za walevi wao, wakarudishwa. Mama mmoja alimkagua mumewe mbele na nyuma, akauliza kofia yake iko wapi, na mmiminaji akarudi mbio kuifuata. Mwingine aliambiwa kwamba bwana huyo kesho ana zamu ya kuchimba choo, basi aje mapema na koleo lake.

Siku zilizofuata nyumba kumi hazikufunguliwa, kisha ishirini, mpaka zikabaki tatu, nazo zikawa zinamaliza kumimina mapema, maana watumishi wenyewe walitaka kuwahi chakula cha jioni. Wakili aliwaandikia waamuzi wa ng'ambo barua ndefu. Wakamjibu kwa barua fupi, wakimuuliza karatasi ile iliandikwa kwa mkono wa nani. Karafuu zikaendelea kununuliwa. Naye Sultani akaweka sharti kwamba mkataba wowote, kabla haujatiwa muhuri, usomwe wote mbele ya Zawena, apate kuuliza maswali yake ya kipunguani. Akampelekea na magunia mawili ya mchele.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile Zawena alifika uani akakuta maji yamekauka robo na Mize amekasirika. Akatia tui, akafunika sufuria, akatia makaa juu ya kifuniko. Wali ulipokuwa unanukia, akasikia hodi.

Alikuwa Baltazari. Wamiminaji walikuwa wamemwishia, na aliyebaki katika nyumba ya karibu na kisima alikuwa Mshamu, fundi wa kuta, mtu mpana. Wakili alikuwa amemshika kwapani, naye mwenyewe kiatu kimoja hana.

"Huyu ni wako?" akauliza.

"Inategemea. Hujasema maneno."

Wakili akahema. "Nilimpokea mzima, namrudisha mzima."

"Alikuwa mzima kuliko hivi," akasema Zawena, "lakini nitampokea. Mshamu, nawa mikono."

"Zawena, mimi nilikuwa nakuja," akasema Mshamu.

"Siku ishirini na tatu unakuja. Nawa."

Mshamu akanawa, akakaa mkekani, watoto wakasogea kumpisha. Wakili akabaki amesimama mlangoni, akiutazama wali, naye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Zawena akamwonyesha birika kwa mkono uliokuwa na mwiko. Akanawa naye, akakaa.

Basi Zawena akahesabu. Mize, Riziki, Pili, mdogo aliyekuwa akitambaa kuelekea kwenye sufuria, Mshamu, na yeye mwenyewe, sita. Mgeni mmoja juu. Akapakua, na kawa likabaki limetundikwa ukutani.