Ngwali na Picha Ndefu ya Sultani

Hapo zamani, wala si zile zamani za majini na mazimwi, bali zile za karibu, picha zilipokuwa zimekwisha kujifunza kutembea na kunena juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na mji uitwao Shungwe, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghanimu. Sultani huyu hakupenda vita, wala hakujali hazina; alichokipenda ni picha. Akajenga nyumba ya picha katikati ya mji, akaitandika mazulia na kuitundika mapazia mazito, na kila mwaka, mavuno ya karafuu yakiisha, alitoa Mrashi wa Dhahabu, chombo cha kunyunyizia marashi, kwa picha iliyo bora kuliko zote za mwaka ule. Basi watu wa Shungwe wakawa hodari wa kutengeneza picha, kama watu wa miji mingine walivyo hodari wa kusuka mikeka.

Lakini hakuna jema lisilo na ila, na ila yake ilikuwa kwamba Sultani naye alitengeneza picha.

Picha yake ya mwaka huo iliitwa Sultani Juu ya Farasi. Ndani yake mlikuwa na farasi, na juu ya farasi alikuwapo Sultani, na hayo ndiyo yaliyokuwamo. Ilianza baada ya adhuhuri na kwisha mwadhini akipanda kuadhini magharibi. Hakuna aliyeondoka katikati, kwa sababu milango ilitiwa makomeo na nje walisimama askari. Naye Waziri Shekue, aliyekuwa na kazi ya kutaja picha zitakazowania Mrashi, alikuwa na kipimo chake: picha bora ni ile ambayo watazamaji hukaa wote mpaka mwisho, na haijapata kutokea picha iliyokaliwa mpaka mwisho kama ya Bwana wetu. Ikawa kila mwaka Mrashi unatoka mkono wa kulia wa Sultani na kuingia mkono wake wa kushoto.

Katika mji huo alikuwapo mtu jina lake Ngwali, fukara asiye na mbele wala nyuma. Asubuhi aliosha vikombe kwenye baraza ya kahawa, na jioni alifagia nyumba ya picha, na ujira wake wa kufagia ulikuwa ni kuachwa akae nyuma kabisa atazame. Kwa hiyo hapakuwa na picha ambayo hakuiona, na hapakuwa na aliyoiona akakosa la kusema juu yake. Watu walimwita punguani, ila hakuna aliyekwenda kutazama picha kabla ya kumwuliza punguani huyo kama inafaa.

Basi siku Waziri alipozitaja picha za kuwania Mrashi, watu walimngoja Ngwali barazani, naye hakuwanyima. Akasema ile ya vita imetajwa kwa ajili ya moshi wake. Moshi ni mwingi kweli, lakini ndani ya moshi hamna mtu. Ile ya malkia wa nyuki ina nyimbo tamu, tatizo ni yule bibi anayecheza malkia, ambaye hulia kama aliyeambiwa alie. Ile ya mganga ingekuwa nzuri kama mganga angekufa mapema kidogo. Na zote hizo, akasema, zimewekwa pale kama majani ya mgomba chini ya pilau, ili chakula cha bwana kipate pa kukaa.

Wakamwuliza, basi bora ni ipi? Akajibu kuwa bora ya mwaka haikutajwa kabisa, nayo ni Buibui Moja, ya Bi Arafa, yule mjane mshona nguo. Ni habari ya ndugu wawili wa kike, maskini, wenye buibui moja kati yao. Akitoka mmoja, mwingine hubaki ndani. Siku moja wakaalikwa wote wawili kwenye harusi ya mtu waliyempenda sana. Hakuna zaidi ya hayo, lakini Ngwali aliapa kwamba alipoitazama alisahau kufagia. Waziri aliiacha kwa hoja kuwa hayo ni mambo ya jikoni, hayastahili dhahabu.

Mnywaji mmoja akamkumbusha kuwa ya Sultani hukaliwa na watu wote mpaka mwisho.

Ngwali akafuta kikombe, akasema, "Kwa kipimo hicho, nyumba bora katika nchi hii ni gereza. Huko nako hakuna atokaye kabla ya wakati wake."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini kicheko kina miguu, na jua halijatua kilikuwa kimekwisha kufika ikulu.

Kesho yake Ngwali akaletwa mbele ya Sultani. Sultani hakughadhibika kwa kelele; aliketi uso umemshuka, maana maneno yale yalikuwa yamemchoma mahali asipopajua. Akamwuliza kama ni kweli aliyasema. Ngwali akakiri.

Sultani akasema, "Wewe wanena kuwa watu hukaa kwa sababu ya makomeo. Vema. Siku ya Mrashi milango yote itakuwa wazi, na askari nitawaondoa. Nawe ndiwe utakayewakalisha watu. Usimtishe mtu, usimpe mtu kitu, wala usimwahidi mtu kitu. Picha yangu ionyeshwe yote, usipunguze hata unyasi. Ikiwa hata mmoja ataondoka kabla hajauona mwisho wake, wewe utaingia katika hilo gereza ulilolisifu, chumba kisicho na dirisha, na hutaona tena picha wala mwanga. Na hiyo Buibui Moja itatiwa moto mbele ya macho yako, iwe ndiyo picha yako ya mwisho. Lakini wakikaa, niombe utakalo."

Waziri Shekue akaandika amri hiyo neno kwa neno, akaisoma kwa sauti mbele ya watu, akatabasamu.

Ngwali akatoka ikulu miguu mizito. La gereza lilimtisha, lakini lililomuuma zaidi ni Bi Arafa, aliyekuwa ametulia na cherehani yake, na sasa ulimi wa mtu mwingine umemletea moto mlangoni. Akaenda kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Bi Arafa akamsikiliza mpaka akamaliza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Ngwali mwanangu, nilikaa na picha ile kichwani tangu marehemu mume wangu yu hai. Sikuomba dhahabu. Nami leo sikuombi samahani yako. Nenda kafikiri." Kisha akarudi kwenye mshono wake.

Akaenda nyumba ya picha, kwa Fundi Haridi, mwendesha mashine, mtu mzima mwenye maneno machache. Akaketi juu ya moja ya makopo ya mikanda, akamweleza shida yake. Makopo ya picha ya Sultani yalijaa chumba, yamepangwa toka sakafuni hadi darini. Fundi Haridi akayatazama kwa muda, akasema kuwa yeye binafsi hana ugomvi na mwisho wa picha ile. Mwisho ni mzuri, tena mfupi. Taabu iko kwenye njia ya kuufikia.

Ngwali akaomba aambiwe tena amri ya Sultani, na Fundi, aliyekuwapo ilipotangazwa, akamwambia kama alivyoikumbuka. Ngwali akamwomba airudie mara nyingine, polepole. Mwishowe akasimama, akaweka mkono juu ya kopo lililokuwa chini kuliko yote, akamwuliza Fundi kama ni lazima liwe chini.

Siku ya Mrashi mji mzima ulikuja, wengine kutazama picha na wengi kumtazama Ngwali akiangamia. Milango ikafunguliwa, upepo ukaingia, mapazia yakapepea. Sultani akaketi katika kiti chake, Waziri kuumeni kwake na wakubwa nyuma yao. Watu wakakaa upande upande, kila mmoja ameulenga mlango kwa jicho moja.

Mashine ikaanza kuunguruma. Juu ya kitambaa akaonekana Sultani juu ya farasi, kileleni mwa kilima, bendera zikipepea na jua likizama nyuma yake. Farasi akainua kichwa. Ngoma zikalia mara moja, kukawa kimya, na likatokea neno kubwa: MWISHO.

Watu wakatazamana. Hapo mmoja akapiga makofi, kwa furaha ya kweli, na wote wakamfuata; wanawake wakapiga vigelegele. Katika miaka yote ya utawala wake, Sultani Ghanimu hakuwahi kupigiwa makofi kama yale. Kisha watu wakavaa viatu vyao, wakatoka.

Sultani akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nini hiki?"

"Ni mwisho, Bwana wangu," akasema Ngwali. "Umesema asiondoke mtu kabla hajauona. Wameuona wote."

Waziri Shekue akasimama, akasema kuwa huo ni udanganyifu, na kwamba picha imepunguzwa kinyume cha amri. Ngwali akajibu kwa adabu kuwa haikupunguzwa hata unyasi, iliyobaki inafuata sasa hivi, na Mheshimiwa Waziri na akae aitazame. Na kweli, mashine haikuwa imezimwa. Juu ya kitambaa farasi alikuwa amekwisha kuanza safari yake tangu mwanzo.

Sultani alikuwa ameamuru mbele ya watu, na maneno yalikuwa yake. Akawaambia wote waliobaki watulie. Lakini milango ilikuwa wazi, na mwisho walikuwa wamekwisha kuuona. Mkubwa mmoja akakumbuka mgonjwa nyumbani. Mwingine akakumbuka kuwa hana udhu. Kadhi akatoka kwa kikohozi asirudi. Baadaye Waziri Shekue mwenyewe akainama sikioni mwa Sultani, akaomba ruhusa akashughulikie mambo ya dola, na Sultani akampa ruhusa bila kumtazama.

Ikawa ndani ya nyumba ile kubwa wamebaki Sultani katika kiti chake, Fundi katika chumba chake, na Ngwali nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote. Sultani akageuka, akamwuliza kwa nini naye haendi. Hukumu imekwisha, amri imetimia, yuko huru.

Ngwali akajibu kuwa yeye hajapata kuacha picha katikati, iwe nzuri iwe mbaya. Pengine mtengenezaji ameficha kitu ndani yake, na si haki kusema juu ya kitu usichokiona. Basi Sultani akamwita aje akae karibu, wakatazama pamoja, na ilikuwa ndefu kweli.

Katikati yake ikafika mahali farasi alipokataa kuvuka kijito. Sultani wa kwenye kitambaa akamvuta, akamsukuma, akamkaripia. Kisha, akidhani mashine ya kupigia picha imezimwa, akashuka, kilemba kimekwenda upande, akaketi kwenye tope, akatoa kipande cha muwa mfukoni. Akaumega kwa goti, nusu akampa farasi na nusu akatafuna mwenyewe, akawa anamweleza farasi jinsi alivyochoka kuonwa na watu.

Ngwali akainuka nusu kitini. Sultani naye alitazama kinywa wazi, kwa kuwa kipande hicho hakuwa amekiona hata siku moja. Kila alipoitazama picha yake, usingizi ulimchukua kabla ya kijito.

Akauliza, na sauti yake haikuwa ya enzi, "Hapo je?"

"Hapo, Bwana wangu," akasema Ngwali, "pana picha. Mtu yule mwenye muwa ningemfuata hata kwa miguu. Huyu mwingine aliye juu ya farasi simjui, wala yeye hanijui."

"Basi ndiyo bora ya mwaka?"

Ngwali alijua kuwa neno moja dogo lingemtajirisha. Akaliangalia, akaliacha lipite. Akasema, "La, Bwana wangu. Bora ni ya Bi Arafa. Ila farasi wako amewashinda wachezaji wote wa mwaka huu, na wewe wamfuatia."

Sultani akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikamtikisa mabega, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Akasema kuwa kwa miaka yote aliambiwa kila kitu chake ni kizuri, na kwa hiyo hakupata kujua ni kipi kilicho kizuri. Kisha akaamuru Buibui Moja iletwe. Ilipofika kwenye harusi, Fundi Haridi aliona toka tunduni mwa chumba chake kuwa Sultani amejifunika uso kwa kiganja.

Basi Mrashi wa Dhahabu akapewa Bi Arafa, naye akaupokea kwa mikono miwili, akaenda kuuweka juu ya cherehani. Na Ngwali alipoulizwa aombe atakalo, akaomba milango isifungwe tena kwa komeo. Sultani akaona ombi hilo ni dogo mno, akamwongezea heshima asiyoiomba: akamwondoa Waziri Shekue katika kazi ya kutaja picha, akampa Ngwali.

Mwaka uliofuata Ngwali akasimama penye lango la nyumba ya picha, amevaa kanzu mpya, akazitaja picha zitakazowania. Alizitaja kwa haki, kadiri ya macho yake. Jioni akapita barazani kunywa kahawa, akasikia watu wakisema kuwa Ngwali hajui picha, kwamba nzuri zote ameziacha, na hakika amehongwa. Na aliyekuwa akisema kwa sauti kuu kuliko wote, mkono mmoja kifuani na kikombe katika mwingine, ni Waziri Shekue.

Ngwali akaketi pembeni yake, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kuwa kuhusu ile picha ya tatu, kwamba haikustahili kutajwa, amesema kweli.

Hekaya yangu imekomea hapa. Mwenye picha yake bora na aitaje, na mwenye kubisha, kahawa ingali moto.