Kibuyu cha Nakiete

Nikisema "kale," semeni "tupo." Kale! Mbona sauti moja? Na wewe unayechokonoa ukucha, sema. Kale! Haya, sasa mpo.

Kale, kabla bibi yangu hajamaliza kuota meno, milimani kulikuwa na kijito kiitwacho Nziro, na kijito kilikuwa na sheria. Juu watu wanachota, katikati wanafua, chini ng'ombe wananywa na ngozi zinalowekwa. Juu, katikati, chini. Sheria ngumu hiyo? Ninyi mnaoacha ndoo mlangoni watu wajikwae, hata ninyi mngeiweza.

Alikuwapo mama mmoja, Nakiete, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa pekee, Namkunda. Asubuhi moja akaenda kuchota, akakuta kaa wametoka majini, wamejazana juu ya mawe waziwazi. Kaa haachi maji yake bure, watoto. Akateka kiganjani, akanusa: uvundo. Akatazama: povu, na nywele za ng'ombe. Na nyumbani Namkunda alikuwa siku ya pili anaharisha, macho yameingia ndani. Nakiete akaelewa, na moyo ukamuuma, maana maji yale alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe.

Akafuata kijito, akapanda, akapanda. Juu kabisa ya pale wanapochota akamkuta Kajiru, mtengeneza ngozi, ameloweka ngozi saba.

"Kajiru, ngozi si huko chini?"

"Chini ni mbali, mama, na ngozi ikilowa ni nzito. Halafu hizi ni za kitanda cha Jumbe."

Nakiete hakubishana naye. Akashuka mbio hadi barazani kwa Jumbe Senzota, mkuu wa kijiji.

Sasa sikieni upuuzi. Desturi yao, neno haliletwi barazani mikono mitupu. Unaleta kibuyu cha pombe, mkubwa anaonja kwanza, ndipo unafungua kinywa.

"Jumbe, maji yameharibika."

"Kibuyu kiko wapi, Nakiete?"

"Mtoto anaumwa."

"Pole sana. Kibuyu kiko wapi?"

Kesho yake akarudi. "Jumbe, kaa wametoka majini."

"Kwani wamekutuma hao kaa? Kibuyu kiko wapi?"

Na wazee wakacheka. Pombe ile huiva kwa siku tano, na hupikwa kwa maji gani? Semeni. Ya Nziro, ndiyo. Watu wazima, mvi kichwani, hawakuliona hilo. Kila nikikisimulia kisa hiki nachoka upya.

Siku ya tatu Namkunda akashindwa hata kulia. Nakiete akamwachia jirani amnyweshe kidogo kidogo maji ya chemchemi ya ng'ambo. Akachukua kibuyu, akakijaza Nziro, akakiziba kwa jani la mgomba, akaenda, akapiga magoti.

"Leo nimekuja na kibuyu."

Nyuso zikachangamka. Jumbe akapokea, akazibua, uvundo ukamfikia pua.

"Nini hiki, Nakiete?"

"Onja, baba. Desturi ni mkubwa aonje kwanza, ndipo neno lisikilizwe. Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni Namkunda."

Jumbe akakishika kile kibuyu, hakuinua wala hakutua. Ndipo mkewe akasema kutoka jikoni, taratibu tu, "Onja, baba watoto. Mbona uji wa leo nimeupikia hayohayo, na bakuli umelilamba?"

Jumbe akaweka kibuyu chini, akainuka, akaenda Nziro bila hata fimbo yake. Zile ngozi saba akazibeba kichwani mwake mwenyewe hadi chini, yeye na Kajiru, maji yakiwachuruzikia shingoni. Na tangu siku hiyo habari ya maji hupokelewa mikono mitupu, saa yoyote, kwa mtu yeyote, hata mtoto.

Mnauliza Namkunda? Namkunda alipona, polepole sana. Namkunda ndiye bibi yangu. Nakiete angengoja pombe iive, mimi ningetoka wapi? Na ninyi mnaosinzia hapo?

Kwa hiyo mkiona povu, mkiona kaa juu ya mawe, semeni siku hiyohiyo, na mkipuuzwa rudini tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kisa nimekitua. Mwenye kiu akachote juu, mwenye uchafu ashuke nao chini.