Miguu ya Mzee Lukindo

Hapo zamani, na sikilizeni vizuri maana sirudii, katuni zilichorwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Mjini Kiwamba kulikuwa na nyumba ya kutengeneza katuni za wanyama. Simba wao alizungumza kama mkuu wa wilaya. Sungura alizungumza Kiswahili cha mjini, kilichonyooka. Fisi, mjinga na mlafi wao, alizungumza kwa lafudhi ya watu wa milima ya Nyangoro, ambao pale mjini walikuwa wachota maji na wafagiaji. Msiniulize kwa nini. Mnajua kwa nini.

Watu watatu walimtengeneza Fisi huyo. Bwana Shamte, mwenye nyumba, aliagiza. Ngwali alichora. Bi Mshuwa, mzaliwa wa Nyangoro, alimpa sauti.

Ngwali alihitaji mwendo. Akaketi dirishani, akamchora Mzee Lukindo, mchota maji wa Nyangoro, akipita na ndoo zake, bega moja chini, akiburuta mguu mmoja. Mwendo huo ulikula karatasi arobaini. Kwa uvivu, maana ulikuwa uvivu, akatumia karatasi zilezile katika kila katuni.

Ilipoonyeshwa katuni ya kwanza, Mzee Lukindo alianza kuchoka. Ya tano, akashika mkongojo. Ya kumi, miguu ikakataa kabisa. Daktari aliipapasa, akasema haina ugonjwa. Haina hatua tu.

Jumamosi moja mchana majirani wakambeba hadi sinema, kwa kuwa alipenda katuni. Fisi akatokea kwenye kitambaa cheupe cha sinema, akichechemea, kisha akasimama. Ngwali, aliyekuwa ukumbini pamoja na Bwana Shamte na Bi Mshuwa, hakuwahi kumchora amesimama. Fisi akawageukia watazamaji. Uso ulikuwa wa Mzee Lukindo. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya Bi Mshuwa:

"Hatua za mzee huyu ninazo mimi. Nitamrudishia, ila mmoja wa walionitengeneza aingie humu, avae ngozi yangu, achekwe badala yangu. Mkanda ukiisha kabla hamjaamua, hatua zinabaki humu."

Mkanda ulikuwa umebakiza dakika tatu. Milango ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyeweza kuinuka.

Ngwali akasema, "Nilichora nilichokiona, tena kwa heshima. Kabla ya sauti kuwekwa, hakuna aliyecheka. Waliusifu mwendo."

Bi Mshuwa alikuwa akilia. Akasema, "Niliomba kuwa Sungura. Nikaambiwa lafudhi yangu ni ya Fisi, nisipotaka nikashike ufagio. Nikampa Fisi maneno ya marehemu mama yangu, walau yasikike mahali fulani. Bila mimi, Nyangoro haina hata neno moja humo."

Bwana Shamte akaeleza kwamba aliwahi kuonyesha Fisi mwenye Kiswahili safi, watu wakapiga miayo na kutoka. "Na ni akina nani hukaa mbele wakacheka kuliko wote?" akauliza. "Wanyangoro wenyewe. Mimi niliwapa walichokitaka."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Mzee Lukindo ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kiti alichowekwa.

"Bwana anasema kweli. Nilikuja kila Jumamosi. Nimemcheka fisi huyu mpaka machozi. Nyinyi watatu mlijua ni mimi, na hamkuniambia." Iliniuma niliposimuliwa hayo, na inaniuma sasa. Kisha mzee akasema, "Msiniteulie mtu kwa kunihurumia. Teueni kwa haki."

Fisi akanyoosha mkono, ukatoka nje ya kitambaa. Ulikuwa mkono wa wino, lakini kivuli chake kilianguka sakafuni, kikawafikia wote watatu miguuni.

Haya, nyinyi mnaonitolea macho. Kuna aliyeiba mwendo, kuna aliyeuza sauti ya mama yake, kuna aliyeagiza kicheko. Mzee anasubiri miguu yake na mkanda unaelekea ukingoni. Je, nani alistahili kuushika mkono ule?