Mwizi wa Ukili Mbovu

Paukwa! Mbona mnaitika kama mbu? Paukwa! Pakawa! Haya sasa.

Kwanza kuleni yamini: haya hayatoki hapa. Bibi yangu aliniapisha vivyo hivyo, nikaapa, na tazameni, namwaga.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wasuka mikeka, alikuwepo Bi Mwanamvua. Kichwa cheupe kama tui. Mikeka yake, jamani! Nzi akitua anateleza, srrr!

Kijiji kile kilikuwa na mwiko. Ukili, ule mkanda wa miyaa, majani ya kusukia, unaoshonwa kuwa mkeka, ukikosewa hutupwa nyuma ya nyumba, wala haushikwi na mwingine. Anayeuokota anakuroga vidole.

Basi ukili mbovu ukaanza kupotea. Leo kwa msukaji mmoja, Chausiku, kesho kwa jirani yake. Nani? Macho yote kwa Siwazuri, mjane aliyehamia juzi.

“Hajui kusuka, anakula vidole vyetu!”

“Haki ya Mungu, siujui huo ukili!” Siwazuri akalia.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akakata shauri: jua likisimama utosini, ahame na wanawe.

Jua likasimama. Uwanja ukajaa. Siwazuri kashajitwika mzigo. Chausiku akautupa ukili wake mbovu miguuni pake. “Chukua na huu, ushibe!”

Kwacha, kwacha, kwacha. Bi Mwanamvua huyo, mgongo upinde. Akainama. Akauokota. Akauchomeka kibindoni, akageuka aende zake!

“Wee bibi!” Jumbe akamdaka mkono. Kanga ikalegea, pu! pu! pu! Ukaanguka ukili wa kijiji kizima.

“Bibi, wewe? Fundi wa mafundi?”

“Mimi, mjukuu wangu. Makosa yangu nimeyafumua yakaisha. Sasa naazima yenu. Huu wa Chausiku umepinda mahali ambapo mimi sijapinda maisha yangu yote. Nikiufumua nitajua kwa nini.”

“Na uzee huo, ujue iwe nini?”

“Kesho nisiwe yule yule wa leo.”

Lo! Midomo wazi. Mtu aliyewafundisha mama zao, bado anajifunza! Chausiku mwenyewe akamtua Siwazuri mzigo, macho chini. Kama bibi alijikamatisha makusudi, wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema ni uroho tu wa ukili.

Basi, wajukuu, msimpime mtu kwa mkeka aliosifiwa. Muulizeni leo kajua nini asichokijua jana.

Hadithi yangu naikunja hapo.