Chiriku wa Zimwi

Hadithi inakuja, ipisheni njia! Zimwi lilimchukua mtoto mchanga wa Mwanaheri, likamwachia chiriku ndani ya tundu. "Mlee siku tatu. Akifa, na mwanao ndiyo basi!"

Siku ya kwanza, kwa hofu, Mwanaheri akalitundika tundu juu ya jiko apate joto. Chiriku akapaliwa na moshi. Siku ya pili akalifunika kwa kanga, chiriku akanyong'onyea. Siku ya tatu akamtoa tunduni, akamkamata kwa nguvu asiruke. Kifua cha ndege kikadunda, kikadunda, kikadunda.

"Jamani, namuua!" Akalegeza vidole, akamkinga kichwa kama wakingwavyo wachanga.

Chiriku hakuruka. Akajipenyeza kifuani, akatafuta ziwa. Mwanaheri kutazama, ni mwanawe!

Zimwi likafoka mlangoni: "Nani kakwambia ni yeye?"

"Nyamaza, ananyonya!"

Na zimwi, wenzangu, likanyamaza.