Sange, Profesa Kiboko na Bomba la Kisima

Hodi hadithini!
(Karibu, ingia nayo!)
Nimekuja na uongo!
(Uweke hapa tuuonje!)

Zamani, enzi ambazo sisi wazee tunazililia kila tukiona vitu vya siku hizi vinaletwa dukani bila kujaribiwa na yeyote, wanyama wa bondeni walikuwa na karakana ya watafiti. Kazi yao ilikuwa kutazama jinsi mnyama anavyotumia chombo, ili chombo kimfuate mnyama, si mnyama akifuate chombo. Nyakati zile zilikuwa tamu jamani. Kila kitu kilianza kwa magome na ulimbo. Kikikosewa, kinavunjwa, kra kra kra, kinaundwa kingine, na hakuna anayenuna.

Mkuu wa karakana alikuwa Profesa Kiboko, mkubwa wa mwili, mkubwa wa jina, na mkubwa zaidi wa tamaa. Mwanafunzi wake alikuwa Sange, kale kanyama kadogo kenye pua ndefu.

Kiboko alimfundisha Sange mila ya kazi. Mtumiaji akija kujaribu chombo, humsaidii na humcheki. Unakaa naye, na yeye anasema kwa sauti kila kinachompitia kichwani. Akinyamaza, unamwuliza taratibu anawaza nini. Mtafiti aliyemwacha mtumiaji akae kimya alitolewa nje. Wakaizoea mila hiyo mpaka wakawa wanasema mawazo yao hata wakila.

Mwaka mmoja kiangazi kikauma. Maji ya mto yakageuka chumvi, yasinyweke, na kisima kikabaki kimoja. Wenye nguvu walitangulia, wadogo wakakuta tope. Baraza likaahidi kwamba atakayeunda bomba la kumfaa kila mnyama ndiye atakayekuwa mlinzi wa kisima.

Sange akaunda bomba la magome. Twiga akaja, akainama, akasema anachowaza, akashindwa. Sange akalivunja, kra kra kra. Bata akaja, akasukuma, akasema anachowaza, akashindwa. Sange akalivunja, kra kra kra. Nyani akaja, akavuta, akasema anachowaza, akashindwa. Sange akalivunja tena. Mwishowe likapatikana bomba la chuma ambalo kwato, mdomo na mkonga vyote vililifungua, chwaa!

Sange alipokwenda kula, Kiboko alilibeba, pu pu pu, hadi barazani, akasema ni lake. Sange alilalamika, wakamcheka. Nani amwamini mwanafunzi mbele ya profesa? Na Sange alijua vizuri kwamba kisima kikiwa mikononi mwa Kiboko, wadogo wote watakufa kwa kiu.

Basi akainamisha pua. Akamwambia Bi Korongo, mwenyekiti wa baraza, kwamba hataki ugomvi, bomba na liwe la Profesa. Ila chombo hakipokelewi kabla hakijajaribiwa mbele ya wote, na heshima hiyo apewe Profesa mwenyewe. Yeye Sange atakaa tu pembeni, kama alivyofundishwa.

Kiboko akavimba kwa furaha. Akajiketisha mbele ya bomba, pwaa.

"Naliona bomba," alianza kwa sauti ya darasani. "Nausukuma mpini kwa pua. Maji yanatoka."

Chwaa! Akanyamaza.

"Na sasa unawaza nini, Mwalimu?"

"Nawaza kwamba ni jepesi mno. Sikutarajia."

"Na sasa unawaza nini, Mwalimu?"

"Nawaza huyu mtoto ana akili kunishinda. Nilipolichukua mezani kwake nilidhani litanisumbua."

Baraza zima likageuza shingo kumtazama. Kiboko hakuona kitu. Akili yake ilikuwa imezama kazini.

"Na sasa unawaza nini, Mwalimu?"

"Nawaza nikishapewa kisima nitaung'oa mpini huu, niweke mzito, ninaouweza mimi peke yangu."

Hapo ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Lakini wote walikuwa wameshamsikia.

Bi Korongo alinyoosha bawa kuelekea mtoni. Kiboko akaenda, pu pu pu, akajizamisha, akabakiza macho na pua. Hadi leo akiibuka hupuliza tu, pfuu, hasemi neno.

Sange akapewa kisima, na wadogo wakanywa mpaka matumbo yakajaa. Lakini niwaambie kweli, alimkumbuka sana Kiboko. Alikumbuka asubuhi walizokaa wawili mkekani wakimtazama Bata akihangaika, na jinsi Kiboko alivyomshika mkono asiende kumsaidia. Hakuna aliyewahi kumfundisha vizuri namna ile. Siku nyingine alikwenda ukingoni na chombo kipya cha magome, akakiweka pale, akangoja aambiwe pa kuvunja. Mto ukapita tu. Akakivunja mwenyewe, akarudi nyumbani.

Ulimi wangu umechoka, nautua hapa. Tamu ni yenu, chachu nirudishieni.

Na funzo lake? Mwalimu, usimfundishe mwanafunzi wako vizuri kupita kiasi. Fundisha nusunusu, uzeeke salama na wizi wako.